Walichokiona ni Kuku

Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 120 tangu Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, apande Uwanda wa Makonde na kamera ya sinema. Alitoka Lindi na msafara wa wapagazi mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijapoa, akapita Masasi, Newala na Mahuta akipiga picha za ngoma na kunasa nyimbo kwa fonografu. Sinema yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 11 tu. Hata hivyo, historia ya filamu nchini Tanzania husimuliwa kuanzia Vugiri, Usambara, mwaka 1935. Kitangari na majirani zake wa uwanda huo hawatajwi, na hiyo si haki.

Watu wa uwanda huu walikuwa mafundi wa kufungua onyesho. Ngoma ya midimu, wachezaji wenye vinyago, haianzi na midimu. Kwanza zinalia ngoma peke yake. Vigelegele vinapanda, watoto wanarudi nyuma na kushika kanga za mama zao, uwanja unabaki mtupu. Macho yote yako kichakani. Hapo ndipo kinyago kinapotokeza, bila kusema neno.

Wenye kamera hawakujifunza hilo. Vugiri, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu zipatazo 35 kuhusu kilimo, kodi na safura, zikazungushwa vijijini kwa lori. Mwaka 1939 London ikaunda kitengo cha filamu za makoloni chini ya William Sellers, aliyeshikilia kwamba Mwafrika apewe picha ndefu, za polepole, zisizo na mbinu yoyote.

Ndipo kikazuka kisa cha kuku. Mwingereza John Wilson alisimulia kwamba wanakijiji wa Afrika walioneshwa filamu ya bwana afya akifundisha kuondoa maji yaliyotuama. Anaokota kopo, anamwaga maji, taratibu, hatua kwa hatua. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Wataalamu walishangaa, hawakumkumbuka kuku yeyote. Wakakagua mkanda picha kwa picha, wakamkuta: alikatiza pembeni kwa muda wa kama sekunde moja. Msomi Marshall McLuhan akakirudia kisa hicho katika kitabu chake cha 1962, kikawa ushahidi kwamba watu hawa hawajui kutazama.

Walijua sana. Bwana afya hakuwa na deni, hofu wala safari. Alikuwa somo linalotembea. Kuku alishtuka akakimbia, na katika filamu nzima ni yeye pekee aliyepatwa na jambo. Kosa lilikuwa la aliyeifungua filamu kwa kopo, lakini mtazamaji ndiye aliyebebeshwa.

Miaka hiyohiyo watazamaji wa Afrika Mashariki walijaza kumbi kuitazama *Awara* ya Raj Kapoor (1951), inayoanzia mahakamani: kijana kashtakiwa kwa kumshambulia hakimu, na binti wakili anasimama kumhoji hakimu huyohuyo. Hakuna aliyetoka akizungumzia kuku. Mwaka 1952 Rashidi Kawawa, mtoto wa Songea na Waziri Mkuu wa baadaye, aliigiza katika *Muhogo Mchungu*, mkasa wa mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam. Vibanda vya video na filamu za Bongo vikafuata, kisha simu.

Wanachuo wa Chuo cha Ualimu Kitangari, ambao kesho watasimama mbele ya madarasa, wasimuliwe safari ile ya 1906 kabla mwaka huu haujaisha. Na kisa cha kuku wasimuliwe pia, kwa upande wa waliomwona.