Hema la Giza katika Njia ya Unyanyembe

James Augustus Grant alikuwa askari kabla ya kuwa mpiga picha, na upigaji picha wake haukudumu. Alipowasili Unguja mwaka 1860 akifuatana na John Hanning Speke, alikuwa afisa wa jeshi la Waingereza nchini India, naye amejeruhiwa mkono wa kulia katika vita vya Lucknow. Picha zinazonasibishwa naye, ikiwamo ya soko la watumwa, ni miongoni mwa picha za kamera za kale kabisa zilizobaki za kisiwa hicho.

Januari 1861 msafara uliingia Kaze, katika Unyanyembe, nchi ya watemi ambao ukoo wao ungali unahusishwa na Itetemia, kata ya Tabora ya leo. Wageni walipokelewa katika tembe la Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi. Hapo palikutana njia za Ujiji, Karagwe na pwani. Palikuwa na pembe, nguo, shanga, wapagazi na watumwa. Mpiga picha angetamani nini zaidi? Lakini Grant alikuwa amekwisha kuachishwa kamera. Speke mwenyewe anaeleza kuwa alimzuia mwenziwe, kwa kuhofia kwamba joto la kijihema alimotayarishia vioo vyake lingemuua.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Katika ufundi wa siku zile kioo kilipakwa kolodioni, kikachovywa katika dawa ya fedha, kikatiwa katika kamera kingali majimaji, kisha kikasafishwa gizani kabla hakijakauka. Kazi yote ilitaka kufanywa hapo hapo, ndani ya hema lililozibwa lisipenye mwanga wala upepo, na mvuke wa etha ukimjaa mtu kifuani. Mzigo wa vioo na chupa, bila shaka, ulikuwa juu ya kichwa cha mpagazi.

Basi Grant akarudi kwenye penseli na rangi za maji, kwa mkono ule ule wenye jeraha. Michoro yake ndiyo iliyopamba kitabu cha Speke cha mwaka 1863, ila ilichorwa upya na wachoraji wa Ulaya ambao hawakupata kuiona Unyanyembe. Tabora ya mwaka 1861, kwa hiyo, imetufikia kwa mikono miwili au mitatu.

Ajabu ni kwamba ufundi wenyewe ulikuwa mali ya watu wa kazi ya pili. Frederick Scott Archer, aliyetangaza kolodioni mwaka 1851, alikuwa mchonga sanamu. Richard Leach Maddox, aliyependekeza kioo kikavu mwaka 1871 na kulifanya hema lisiwe la lazima, alikuwa tabibu. Steven Sasson, aliyeunda kamera ya dijiti katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, alikuwa mhandisi wa umeme.

Kwa kamera hiyo hema limetoweka kabisa. Mwalimu au mtumishi wa reli aliyestaafu Tabora aweza leo kuanza sanaa hii akiwa na miaka sitini, akakosea mara mia kwa siku bila kuharibu hata kioo kimoja. Maudhui hayajapungua: miembe mikongwe ya njia ya misafara, tembe la Kwihara alikokaa Livingstone, reli iliyofika mwaka 1912. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia.

Hata hivyo wepesi huo una hila yake. Studio za Unguja za mwishoni mwa karne ya 19 ziliuza kadi za posta ambazo mara nyingi zilimtaja aliyepigwa kwa kabila au kazi tu: Mnyamwezi, mpagazi, mwanamke wa Kiswahili. Jina lake halikuulizwa, na sasa hakuna wa kuulizwa. Kamera ya dijiti huandika yenyewe tarehe na saa ya kila picha. Jina la mtu haiandiki. Tena kioo cha kolodioni kikihifadhiwa vyema hupita karne nzima, ilhali kadi ya kumbukumbu huharibika siku moja na kila kilichomo. Msanii wa Itetemia anayekusudia kuacha kitu nyuma yake atalazimika kuchapa picha zake kwa wino wa kudumu juu ya karatasi isiyo na asidi, na nyuma ya kila moja aandike, kwa penseli kama ya Grant, aliyesimama mbele yake aliitwa nani.