Fidla, piano na vita: miaka minne iliyoubadili muziki wa Uingereza

Tarehe 6 Machi 1917, wanaume wawili waliovaa sare za jeshi walipanda jukwaa la ukumbi wa Aeolian, London. Albert Sammons alishika fidla, William Murdoch akaketi kwenye piano. Wote wawili walikuwa wanamuziki wa bendi ya kikosi cha Grenadier Guards, na siku hiyo walipiga kwa mara ya kwanza Sonata ya Pili ya fidla na piano ya mtunzi John Ireland. Kesho yake asubuhi, kabla mtunzi hajapata kifungua kinywa, mchapishaji alikuwa keshafika mlangoni kwake akiitaka kazi hiyo. Nakala za toleo la kwanza zilikwisha kununuliwa hata kabla hazijatoka mtamboni.

Ireland alikuwa na miaka 37, mpiga kinanda wa kanisa moja la Chelsea. Mwaka 1909 sonata yake ya kwanza ilishinda shindano lililofadhiliwa na Walter Willson Cobbett, tajiri wa kiwanda aliyekuwa akipiga fidla kwa mapenzi tu, lakini ushindi huo haukumpa jina. Jina lilikuja na Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Katika sehemu ya kwanza ya sonata ya pili, fidla na piano zinasukumana kwa hasira. Katika ya pili, wimbo mrefu unatulia polepole. Watu waliokuwa wakipokea taarifa za vifo kutoka Ufaransa hawakuhitaji kufafanuliwa.

Sammons naye anastahili neno lake. Alikulia Fulham, akajifunza kidogo kwa baba yake na mengi akajifunza mwenyewe. Alikuwa akipiga kwenye mgahawa wa hoteli pale kondakta Thomas Beecham alipomsikia na kumchukua awe kiongozi wa okestra yake. Naamini bila mpiga fidla wa namna hii, aliyezoea kumwimbia mtu anayekula chakula chake, sonata ya Ireland isingefika mbali vile.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Edward Elgar. Huyu alikuwa mtoto wa fundi wa kurekebisha piano huko Worcester, na ujanani aliishi kwa kufundisha fidla. Vyombo hivi viwili vilikuwa vya nyumbani kwao. Hata hivyo, kufikia 1918 alikuwa na miaka 61, mgonjwa, ametoka kufanyiwa upasuaji wa koo, na vita vilikuwa vimemkatisha tamaa ya kutunga. Mkewe Alice akahamia naye Brinkwells, nyumba ndogo iliyozungukwa na misitu katika jimbo la Sussex. Mwezi Agosti piano ikaletwa, na kufikia katikati ya Septemba sonata ilikuwa tayari.

Aliitabaruku kwa rafiki wa familia, Marie Joshua, akamwandikia kumwomba ridhaa. Mama huyo akafariki kabla ya kujibu. Elgar akarudi kwenye karatasi zake na kufanya jambo moja: karibu na mwisho wa sehemu ya tatu, muziki ukiwa katika mwendo wake, aliurudisha wimbo wa sehemu ya pili, ile ya taratibu. Msikilizaji anaukuta ghafla na kuutambua. Sijui buriani nyingine katika muziki wa Kiingereza iliyosemwa kwa noti chache namna hiyo. Sonata ilipigwa hadharani Machi 1919, na mwaka mmoja baadaye Alice naye akafariki.

Mtunzi Ralph Vaughan Williams alianza kutunga The Lark Ascending, yaani ndege anayepaa akiimba, mwaka 1914, kisha akaenda vitani katika kikosi cha tiba. Wengi leo wanaijua kazi hii ikiwa na okestra, lakini ilisikika kwanza kwa fidla na piano, tarehe 15 Desemba 1920, katika ukumbi wa kijamii wa Shirehampton, karibu na Bristol. Mpiga fidla alikuwa Marie Hall, ambaye kazi hiyo ilitabarukiwa kwake. Piano inashika sauti laini, kisha inanyamaza, na fidla inapanda peke yake bila mapigo ya kuhesabu. Okestra huongeza rangi, ila mimi naona upweke wa yule ndege unasikika vizuri zaidi kwa watu wawili.

Baadaye zilikuja sonata nyingine: mtunzi Delius, akiwa kipofu na amepooza, alimwimbia msaidizi wake Eric Fenby noti za sonata yake ya tatu mwaka 1930, naye Walton akawaandikia mpiga fidla Yehudi Menuhin na mpiga piano Louis Kentner sonata iliyopigwa mwaka 1949. Ni kazi nzuri, lakini kilele kilikuwa kimeshapita.

Kwa msomaji aliyeizoea fidla kupitia taarab na hajawahi kuisikia hivi, aanzie kwa Elgar. Mwaka 1935, Sammons na Murdoch walewale waliirekodi sonata hiyo. Asikilize sehemu ya pili mara mbili kabla ya kwenda ya tatu, ili wimbo utakaporudi aujue.