Mchoro wa 2.8.1 Ulipitwa na Wakati Kabla Nyanya Yako Hajazaliwa

Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa kemia alichora sodiamu ubaoni: kiini katikati, miviringo mitatu, elektroni 2, 8, 1. Nikanyoosha mkono. Kama kiini kina chaji chanya na elektroni ni hasi, si zinavutana? Mbona elektroni haianguki ndani? Darasa zima likacheka. Nikaambiwa niandike 2.8.1, hayo mengine hayako kwenye mtihani.

Miaka ikapita, chuo nikakiacha (hiyo ni stori ya siku nyingine), ndipo nikajua kumbe swali langu liliwasumbua wanafizikia wa Ulaya zaidi ya miaka 100 iliyopita. Walahi nilikasirika.

Iko hivi. J. J. Thomson aligundua elektroni kule Cambridge mwaka 1897, akadhani zimekaa ndani ya atomu kama njugu kwenye halwa. Mwaka 1911 Ernest Rutherford akasema hapana, kuna kiini kidogo sana katikati na elektroni ziko mbali huko nje. Poa. Lakini kwa sheria za fizikia za wakati huo, elektroni inayozunguka hutoa mwanga, inapoteza nguvu, inadondoka kwenye kiini kabla hata ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde kuisha. Yaani mimi, wewe, mbuzi wa Masalani na Mto Tana wenyewe, sote tungekuwa tumeporomoka kitambo.

Mwaka 1913 akaja Niels Bohr wa Denmark, kijana wa miaka 27. Akasema elektroni inaruhusiwa kukaa kwenye ngazi fulani tu, katikati ya ngazi hakuna pa kukaa, na ikiruka kushuka inatoa mwanga wa rangi yake maalum. Kwa nini ngazi? Hakuwa na sababu. Aliamua tu iwe hivyo, na hapo ndipo nampendea huyu jamaa.

Unaweza kuiona leo jioni. Rusha chumvi kidogo kwenye moto wa kuni, utaona ndimi zinageuka njano. Ile elektroni 1 ya mwisho kwenye 2.8.1 imepandishwa na joto, na ikirudi chini inatoa hiyo njano.

Sasa shida. Hesabu za Bohr zilikubali hidrojeni, zilipofika heliamu yenye elektroni 2 tu zikakwama. Mwaka 1924 Louis de Broglie akasema elektroni ina tabia ya wimbi. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger akaandika hesabu ya hilo wimbi, na miviringo ikafia hapo. Namba 2, 8, 1 ziko sawa hadi leo, mwalimu hakunidanganya. Ila elektroni haizungushwi kama punda wa kinu. Ni kama wingu: pazito kuna uwezekano mkubwa wa kuikuta, pepesi ni nadra.

Na jibu langu? Wimbi ukilibana mahali padogo, nguvu yake ya mwendo inapanda. Kiini kinavuta, elektroni inazidi kupapatika, na vikilingana ndipo inatulia.

Pale Garissa kuna kituo cha sola cha megawati 50, kilizinduliwa Desemba 2019. Kazi yote ni jua kupandisha elektroni za silikoni ngazi moja juu. Mwanga wa rangi isiyofikisha nguvu ya hiyo ngazi, hata uwe mwingi vipi, haziipandi.