Baruti ya Risasi Nzito

Neno baruti tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na kwa karne nyingi lilitaja kitu kimoja tu: unga mweusi wa shura, kiberiti na makaa. Mwindaji wa zamani hakuwa na baruti ya kuchagua, alichagua kiasi. Akitaka kumpiga ndovu hutafuta bunduki yenye mdomo mpana, huishindilia risasi kubwa, na huongeza baruti mpaka bega lake lishindwe kuvumilia.

Frederick Selous, Mwingereza aliyekuja kufa vitani Beho Beho karibu na Rufiji mwaka 1917, alifika Afrika ya Kusini mwaka 1871 akiwa kijana wa miaka 19. Magobori yake ya kuwindia ndovu yalitupa risasi ya kiasi cha gramu 113, na baruti aliichota kwa mkono kutoka katika mfuko wa ngozi. Siku moja bunduki ilikataa kulia, ikajazwa tena juu ya shehena ya kwanza. Ilipolia, ilimwangusha chini yeye aliyeishika. Baadaye alikiri katika maandishi yake kwamba mateke ya bunduki hizo yaliharibu ulengaji wake kwa maisha yake yote, na kwamba alijuta kuzigusa. Msomaji akumbuke kuwa huyu alikuwa miongoni mwa wawindaji hodari wa zama zake.

Mambo yaligeuka mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi. Mwaka 1889 Waingereza Abel na Dewar wakatoa kordaiti, mchanganyiko wa nitrogliserini na pamba iliyotiwa asidi, ambao ulikamuliwa ukawa nyuzi mfano wa tambi. Mwaka 1898 fundi Rigby wa London aliitia kordaiti katika ganda refu la bunduki ya ndovu: gramu 4.5 tu za tambi hizo zilisukuma risasi ya gramu 31 kwa mwendo wa meta 655 kwa sekunde. Mzigo wa bega ukapungua, na moshi uliomficha ndovu mbele ya macho ya mwindaji ukatoweka.

Lakini hapo ndipo elimu ya kuchagua ilipoanza. Baruti mpya iliweza kutengenezwa iwake upesi au polepole, kwa kadiri ya umbo la punje zake na dawa zilizopakwa juu yake. Risasi nzito ni kama mkokoteni uliosheheni. Asukumaye mkokoteni wa namna hiyo haupigi teke, bali huuegemea na kuzidisha nguvu kidogo kidogo. Baruti iwakayo upesi mno hulipuka yote kabla risasi haijaondoka, na nguvu ya gesi ikaweza kupasua chuma. Kwa upande wa pili, mtutu ukiwa mpana, nafasi nyuma ya risasi hukua haraka, na baruti iliyo nzito wa kuwaka hutoka mdomoni kabla haijamaliza kazi yake. Kwa hiyo hakuna baruti iliyo njema kwa kila bunduki, japokuwa wachuuzi hupenda kusema hivyo.

Jua la nchi zetu nalo lilidai haki yake. Kordaiti iliyopimwa katika baridi ya Uingereza ilizidi ukali ilipopata joto, hata ganda likakwama chumbani wakati mnyama anakuja. Viwanda vikatoa risasi zenye baruti pungufu kwa ajili ya nchi za joto, na Rigby, mwaka 1911, akatengeneza ganda pana la .416, ili gesi ipate nafasi na nguvu yake isipande mno.

Somo hilo la nafasi lilisahauliwa mwaka 1956. Mwaka huo Winchester wa Marekani walitoa bunduki ya .458, ya bei nafuu kuliko zile za mitutu miwili za Uingereza, nayo ikapokelewa vizuri na wawindaji na maofisa wa wanyamapori barani Afrika. Risasi yake ilikuwa na gramu 32, na iliahidiwa mwendo wa meta 649 kwa sekunde. Ahadi ilikuwa kubwa kuliko ganda. Urefu wake ulikuwa milimeta 63.5 tu, na risasi yenyewe, kwa kuwa ndefu, ilikula sehemu ya nafasi hiyo. Ili baruti itoshe, kiwanda kilitumia punje za duara zinazokaa pamoja kwa kubanana, kisha zikashindiliwa zaidi kwa kitako cha risasi.

Baruti iliyobanwa namna hiyo, ikikaa muda mrefu, ilishikana ikawa donge, kama chumvi iliyopata unyevu. Fataki ikilipuka, sehemu iliwaka na sehemu ikatupwa nje ikiwa nzima. Risasi nyingine zilitoka kwa mwendo wa chini ya meta 600, na nyingine chini zaidi. Kwa nje zote zilifanana: ganda linang'aa, risasi imesimama sawasawa. Mwenye bunduki hakujua iliyo mbovu ila mbele ya nyati.

Mmoja aliyejua hivyo ni Jack Lott, Mmarekani, aliyejeruhiwa vibaya na nyati huko Msumbiji mwaka 1959. Alikuwa amempiga kwa .458, na nyati hakuanguka.

Wawindaji waliojijazia maganda wenyewe walijaribu dawa mbalimbali. Wengine walichagua baruti ya vijiti iwakayo kwa wastani, wakakubali mwendo mdogo ulio wa hakika kuliko mkubwa ulioandikwa kwenye boksi. Kwa maoni yangu hao ndio waliokuwa na busara, maana risasi ngumu ya uzito ule, ikitoka kwa mwendo usiobadilika, hupenya vya kutosha. Lott hakuridhika. Mwaka 1971 alirefusha ganda likafika milimeta 71, baruti ikapata mahali pa kukaa bila kushindiliwa kwa nguvu, na mwendo ulioahidiwa mwaka 1956 ukapatikana na kupitwa. Upana hakuubadili, kwa hiyo mwenye bunduki ya Lott akiishiwa na risasi safarini, aweza kutia zile fupi za.458 na kuzipiga.