Kabla hujanunua kadi ya picha, soma hapa

Wadau wa Igalula na Tabora mjini, kompyuta yako ya mtumba inakwama ukihariri video ya harusi ya HD? Usikimbilie kutoa hela. Fungua kasha uangalie mazabodi. Sloti ya AGP ni ya kizamani, achana nayo. Inayotakiwa ni PCI Express x16. Hiyo inatoa wati 75 tu, kadi inayokula zaidi inahitaji waya wa pawa saplai. Kasha jembamba? Tafuta kadi ya kimo kifupi.

Halafu usidanganyike na bei. GT 1030 ya 2017 inacheza video poa, ila wakati wa kurenda kazi ya kubana video inabaki kwa prosesa. GTX 1050 Ti ya 2016 inaibeba yenyewe, ndani ya wati 75. Na kama RAM haifiki GB 8, anza na hiyo. Haya, kazi kwenu!