Mandhari Nyeusi

Mandhari nyeusi ni mpangilio wa rangi wa tovuti, programu au simu nzima ambao huweka maandishi meupe au ya kijivu kilichopauka juu ya eneo jeusi. Mpangilio huo ulienea zaidi mwaka 2019, ulipoingizwa katika Android 10 na iOS 13. Menyu za Kiswahili za Android huuita "mandhari meusi", kana kwamba ma- ya mwanzo ni alama ya wingi. Sivyo: silabi hiyo ni sehemu ya neno lenyewe, lililotoka Kiarabu, na kamusi huliweka katika ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo mandhari ni nyeusi, kama tunavyosema "mandhari nzuri". Wapo wanaosema "hali ya giza", istilahi inayopotosha kidogo, maana giza ni kukosekana kwa mwanga ilhali kioo bado kinawaka. Mandhari ni sura ya kitu machoni, na kinachobadilika hapa ni sura tu.

Weusi huo si mgeni. Kompyuta nyingi za miaka ya 1970 zilionyesha herufi za kijani juu ya kioo cheusi. Kompyuta ya Alto, iliyoundwa na Xerox huko California mwaka 1973, ilitumia herufi nyeusi juu ya weupe ili kuiga karatasi, na tovuti zikaja kurithi weupe huo.

Karatasi, hata hivyo, haitoi mwanga wake yenyewe. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, mboni ya jicho hupanuka. Ukurasa mweupe ukifunguka ghafla, mtu hufumba macho. Hapo ndipo mandhari nyeusi inapofaa. Mchana mambo hugeuka: juani kioo cheusi huwa kama cha kujitazamia, na msomaji huona uso wake badala ya habari. Palipo na mwanga wa kutosha, herufi nyeusi juu ya weupe husomeka vizuri zaidi kwa watu wengi, kwa kuwa mboni hujibana na kingo za herufi huonekana wazi. Wenye konea (utando angavu wa mbele ya jicho) isiyo na mviringo sawa huona herufi nyeupe zikitawanya ukungu pembeni.

Ubora wa mandhari nyeusi hutegemea pia mtengenezaji. Weusi wa makaa na weupe wa theluji vikikutana, macho huchoka upya. Ndiyo maana mwongozo wa usanifu wa Google ulipendekeza kijivu kilichokoza, chenye msimbo #121212. Kosa la pili ni kijivu juu ya kijivu: viwango vya kimataifa vya tovuti vinataka utofautishaji usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Mandhari nyeusi huokoa chaji pia, lakini kwenye vioo vya OLED, ambavyo nukta zake nyeusi huzimika kabisa. Kwenye LCD taa ya nyuma huendelea kuwaka.

Uchovu wa macho una vyanzo ambavyo rangi haivigusi. Anayekodolea kioo hupepesa kope mara chache, macho yakakauka, na misuli ya ndani ya jicho hukazana kwa kutazama karibu. Wataalamu wa macho hushauri kila baada ya dakika 20 kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20, mandhari iwe nyeusi au nyeupe.