Kitambaa, Uzi na Upepo: Historia ya Kuruka kwa Pesa Kidogo

Hapa Kakuma, mtu akikwambia fulani ameruka, huulizi ameruka vipi. Unajua jina lake lilitoka kwenye orodha, akapita mahojiano na vipimo vya daktari, basi likampeleka uwanjani. Sisi tuliobaki tunaziangalia ndege za misaada zikitua na kuondoka, na tumezoea kufikiri kwamba anga ni ya serikali, ya tajiri, au ya mwenye bahati.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeisoma historia ya kuruka kwa jicho la kazi yangu, na nilichokikuta ni kingine kabisa. Kuruka kwa bei nafuu kulitoka mikononi mwa mafundi wa kitambaa, wa baiskeli na wa injini ndogo, watu ambao ungewakuta hapa sokoni wakisubiri wateja. Na ndani ya historia hiyo wamo wakimbizi. Lakini historia hiyohiyo inasema pia kuna vitu ambavyo huwezi kuvipunguzia bei, na hapo ndipo vijana wetu wanapaswa kusikiliza.

Chombo chenyewe wengi wamekiona kwenye simu. Kinaitwa paramota. Mtu anabeba injini mgongoni kama begi la shule, nyuma ya injini kuna propela iliyozungushiwa fremu, na juu yake kuna bawa la kitambaa lenye kamba nyembamba nyingi. Anakimbia hatua chache, bawa linajaa upepo, miguu inaachana na ardhi. Hakina magurudumu wala hakihitaji uwanja wa lami. Ni chombo cha injini cha bei ya chini kuliko karibu vyote vinavyombeba mtu angani. Kilitoka wapi?

Tuanze na Otto Lilienthal wa Ujerumani. Yeye na mdogo wake Gustav, tangu wakiwa watoto, walikuwa wakiwachunguza korongo. Korongo weupe wa Ulaya ndio hao ambao wengi wao hukimbia baridi na kuja huku Afrika Mashariki kila mwaka, kwa hiyo mwalimu wake wa kwanza huenda alipita juu ya nchi zetu. Lilienthal alitengeneza mabawa kwa fito za mwerebi na kitambaa cha pamba. Mwaka 1894 alijengewa kilima cha udongo karibu na Berlin, cha kimo cha mita 15 hivi, ili apate pa kukimbilia na kurukia. Aliruka mara nyingi, watu wanahesabu hadi 2,000, na safari ndefu zilifika mita 250. Tarehe 9 Agosti 1896 upepo ulimwangusha, na kesho yake akafa. Alijua mabawa kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Hilo mliweke akilini.

Kisha wakaja Wilbur na Orville Wright, mafundi baiskeli wa Dayton, Marekani. Hawakuwa na shahada. Mwaka 1899 Wilbur aliandika barua kuomba vitabu na maandishi kuhusu kuruka, na mwaka huohuo akaanza na nini? Tiara! Kishada kama cha watoto, chenye mabawa mawili, chenye kamba za kupinda ncha za mabawa. Baadaye walitengeneza sanduku la mbao lenye feni ya kusukuma hewa, wakapima ndani yake maumbo madogo ya mabawa kama 200. Kitambaa cha mabawa makubwa kilishonwa kwa cherehani. Injini ilitengenezwa na Charlie Taylor, fundi wa dukani kwao.

Wakati huohuo Samuel Langley, profesa mkubwa, alipewa dola 50,000 na jeshi la Marekani. Tarehe 8 Desemba 1903 ndege yake ilianguka mtoni. Siku tisa baadaye, tarehe 17, Orville alikaa angani sekunde 12, na adhuhuri ile Wilbur akafikisha karibu dakika nzima. Wenyewe walisema gharama zao zote hazikufika dola 1,000, na zilitoka kwenye faida ya baiskeli. Watu hupenda kuisimulia habari hii kama muujiza wa maskini. Mimi naiona tofauti. Walichokipunguza ni pesa. Muda hawakuupunguza: miaka minne ya tiara, ya mabawa bila injini, ya kupima na kuandika. Injini ilikuja mwisho.

Baada ya hapo ndege zikawa za mabati na za bei kubwa, na kitambaa kikasahaulika. Kilirudishwa nyumbani, yaani nyumbani kweli. Mwaka 1948 Francis Rogallo na mkewe Gertrude walitengeneza bawa laini lisilo na mifupa, na Gertrude alilishona kwa pazia la jikoni. Miaka ya 1960 Domina Jalbert, mtengenezaji wa tiara, alibuni bawa lenye vyumba vilivyo wazi kwa mbele. Hewa inaingia, vyumba vinajaa, na kitambaa kinakuwa na umbo la bawa la ndege. Fundi yeyote wa kushona mito ataelewa. Wanaparashuti wakalichukua bawa hilo.

Mwaka 1978, huko Mieussy katika milima ya Ufaransa, wanaparashuti watatu, Jean-Claude Bétemps, André Bohn na Gérard Bosson, walichoka kulipia ndege ya kuwapandisha juu. Wakajiuliza: kwani mlima si uko hapa? Wakatandaza parashuti mtelemkoni, wakakimbia, wakaelea. Mchezo wa paraglaida ukaanza hivyo, kwa sababu ya kubana matumizi. Hapa Kenya watu huruka namna hiyo kutoka ukingo wa bonde la Kerio, karibu na Iten. Na wale wasio na mlima? Miaka ya 1980 wakafunga injini ndogo mgongoni. Hiyo ndiyo paramota.

Sasa nifike kwa wakimbizi. Ujerumani Mashariki, familia mbili, za Peter Strelzyk na Günter Wetzel, ziliamua kuvuka mpaka kwa baluni ya hewa moto. Walinunua kitambaa cha pamba na kumwambia muuzaji ni cha bitana ya mahema. Wetzel akashona kwa cherehani ya zamani. Baluni ya kwanza haikujaa kamwe, maana pamba inapitisha hewa. Basi wakaanza kupima vitambaa kimoja kimoja kabla ya kununua. Baluni ya pili ilianguka kabla ya mpaka, karibu mita 200 tu. Ya tatu waliishona kwa vipande walivyonunua kidogo kidogo miji mbalimbali ili wasishukiwe, jumla zaidi ya mita za mraba 1,200. Usiku wa tarehe 16 Septemba 1979, watu wazima wanne na watoto wanne walipaa, na baada ya dakika 28 wakatua upande wa pili. Mimi nikisoma hapo nafikiria mishono ile. Uzi ungeachia mahali pamoja tu, bana, hadithi hii isingesimuliwa.

Mwaka 1984 Ivo Zdarsky, kijana wa Czechoslovakia, alichukua injini ya Trabant, ile gari ya watu wa kawaida inayowekewa petroli iliyochanganywa na oili, akaifunga chini ya bawa la kitambaa, lile la ukoo wa pazia la Gertrude. Akaruka usiku mwezi wa Agosti, akatua kwenye uwanja wa ndege wa Vienna. Baadaye alihamia Marekani, akaanzisha kampuni ya kutengeneza propela za ndege ndogo. Mkimbizi aliyefika na chombo cha kujitengenezea akageuka kuwa muuzaji wa vipuri kwa wenyeji.

Lakini soma na ya Winfried Freudenberg. Machi 1989, Berlin, alipaa na baluni ya karatasi za plastiki zilizounganishwa kwa utepe wa gundi. Polisi walikuwa wanafika, akaondoka kwa haraka, peke yake, mkewe akabaki chini. Alianguka akafa. Miezi minane baadaye ukuta ulifunguliwa.

Naeleza haya kwa sababu vijana watatu wa bloku yetu waliniletea turubai, hizi zetu za kuezekea. "Papa Fundi, tushonee bawa. Injini ya boda tunayo." Nilikataa, na sikukataa kwa kuwadharau. Niliwaambia: turubai ni zito na halijui kusambaza mzigo. Kitambaa cha paraglaida ni nailoni nyepesi iliyopakwa dawa ya kuzuia hewa kupenya, na kamba zake kila moja ina urefu wake uliopimwa. Ukikosea kidogo, bawa linakunja upande mmoja. Injini ya boda nayo ni nzito mno kwa mgongo. Mtambo mzima wa paramota huwa kilo 20 hadi 30, tena na fremu yake. Na mkimbizi kuruka karibu na mpaka bila idhini ya mamlaka ya anga, hayo ni matatizo mengine kabisa.

Wakauliza bei. Nikawaambia ukweli: mtambo mpya na bawa lake hupita dola 8,000. Uliotumika unaweza kuwa nusu yake. Wakacheka kile kicheko cha uchungu. Lakini wale wanaoanza na pesa kidogo huko nje wana utaratibu, na sehemu kubwa ya utaratibu huo ni ya bei ndogo. Kwanza wanajifunza upepo. Pili wanajifunza kuliinua na kulituliza bawa wakiwa wamesimama chini, siku nyingi, bila injini. Tatu wananunua kilichotumika baada ya mtu anayejua kukikagua, maana jua linakula kitambaa, na bawa huhesabiwa limechoka likifika saa 300 hivi. Kwa jua la Turkana, usingoje hata hesabu hiyo. Mwalimu, kofia ngumu na parashuti ya akiba, hivyo hawavibani. Hata Marekani, ambako sheria haidai leseni kwa vyombo vyepesi hivi, mtu mwenye akili haanzi bila mwalimu.

Basi turubai lile lilikuwa zito hata kwa tiara. Nikawashonea tiara kwa kitambaa cha mwavuli uliovunjika. Wakaanza kuandika kwenye daftari: upepo wa alfajiri unatoka wapi, saa ngapi vile vimbunga vya vumbi vinaanza kuzunguka, mahali gani nyuma ya nyumba hewa inageuka. Kumbe marubani wa paramota nao huruka alfajiri na jioni kwa sababu hiyohiyo: mchana hewa ya joto inapanda kwa nguvu na inaweza kulikunja bawa. Vumbi tunalolilaani kila siku linatuonyesha bure kile ambacho wengine hawakioni kwa macho.

Ndugu zetu wa mashirika, mnafundisha ushonaji chumba kimoja na injini chumba kingine. Hizo ndizo kazi zilizojenga duka la Dayton. Wapeni wanafunzi wa vyumba hivyo viwili kazi moja ya kufanya pamoja, hata kama ni tiara kubwa yenye kupima nguvu ya kamba. Haitahitaji bajeti ya kuandikia barua Nairobi.

Mmoja wa wale vijana sasa anajifunza injini ndogo. Mwingine alikuwa anangoja kwenda Marekani, safari yake ikasimamishwa Januari 2025 kama za wengi, na hajui itarudi lini. Yeye ndiye anayeshika daftari. Ana kurasa zaidi ya arobaini za upepo wa Kakuma, tarehe na saa, kwa mwandiko safi. Siku atakayokutana na mwalimu wa kuruka, Iten au Ohio, hataanzia sifuri.